Saini ya Mkulima Mmoja

Saa tatu kasoro robo asubuhi, siku ya kikao cha wadau wa nyanya, ndipo ilipogundulika kwamba nyanya zina wadau wa kila aina isipokuwa mkulima.

Aliyegundua alikuwa Vitendo. Alikuwa na jina lake la kuzaliwa, tena zuri, lakini barua iliyomleta wizarani ilisema amekuja kwa "mafunzo kwa vitendo", na tangu siku ya kwanza ofisi nzima ikaona hakuna haja ya kuhangaika na jina jingine. Huu ulikuwa mwezi wake wa tano kama mwanagenzi wa Kitengo cha Sera za Mazao, na vitendo alivyokwisha kufundishwa vilikuwa hivi: kutoa nakala, kubana karatasi pini, kuhamisha kiti cha mkuu kutoka chumba hiki kwenda kile, na kuitika kabla hajaitwa mara ya pili. Sera yenyewe aliiona kwa mbali, kama mtu anavyoiona ndege ikipita juu. Anajua imebeba watu, hajui inakwenda wapi.

Fomu ya mahudhurio ilikuwa na safu tano: wizara, watafiti, viwanda, wafanyabiashara, wakulima. Chini yake, kwa wino mzito, iliandikwa kwamba kikao kisicho na saini ya kila kundi si kikao shirikishi, na kikao kisicho shirikishi hakihesabiki. Mwakilishi wa wakulima alikuwa amealikwa mwezi mzima kabla. Asubuhi ile simu yake ilipokelewa na msaidizi aliyesema mheshimiwa yuko nje ya nchi, kwenye mkutano wa kuwawakilisha wakulima.

"Kimsingi," mkuu wa kitengo akasema, "tafuta mkulima."

Mkuu huyu hakuweza kuanza kusema bila neno hilo kutangulia, kama gari bovu lisilowaka mpaka lisukumwe, na akiwa hayupo ofisi nzima ilimwita hivyo hivyo, Kimsingi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu ukimkaa mtu kwa miaka ishirini na sita hutandaza godoro kabisa.

"Nimtafute wapi, mkuu? Saa hizi?"

"Nchi nzima inalima, binti. Wewe utakosa mmoja?"

"Mkuu, hapa ni ghorofa ya nne."

Katibu muhtasi, mama wa makamo aliyevaa miwani yenye kamba shingoni, akakohoa ili asicheke.

"Kabla ya saa nne," Kimsingi akasema, na mlango ukafungwa.

Sasa, katika mji ule wote Vitendo alikuwa na mkulima mmoja tu wa kumshika mkono, naye ni mjomba wake, mdogo wa mama yake, aliyefikia kwao tangu juzi. Alikuwa amekuja mjini kung'oa jino. Analima nyanya, na juzi jioni, shavu limevimba kama ameficha yai, alimkuta mpwa wake mezani na rasimu ya mwongozo mpya. Akaomba asomewe.

Rasimu ilisema kuanzia msimu ujao nyanya zifungashwe kwenye kreti za plastiki, kwa sababu masanduku ya mbao yanaziponda njiani. Mkulima atakayekutwa na sanduku la mbao atatozwa faini.

Mjomba hakubisha. "Kweli, mbao zinachubua. Kreti nilishazinunua mwenyewe, ishirini. Unajua zimebaki ngapi?"

"Ngapi, mjomba?"

"Moja. Mkaza mjomba wako anafulia. Zile nyingine zimeondoka na mnunuzi. Anapakia, anasema nazirudisha wiki ijayo, wiki ijayo anakuja na lori tupu na tabasamu. Sanduku la mbao nalipigilia mwenyewe kwa mabanzi, likienda na liende. Wakitaka kreti, sawa. Waandike kwamba aliyeondoka nazo azirudishe. Sentensi moja tu, mwanangu. Waambie."

"Nitawaambia," Vitendo alisema, na alisema kwa moyo mmoja, maana hakuwa amewahi kuingia kikaoni.

Kliniki ya meno ilikuwa mitaa miwili kutoka wizarani. Alifika anahema, akamkuta mjomba ndiyo kwanza anatoka chumba cha daktari, pamba imetuna mdomoni, na macho ya mtu aliyepigwa na rafiki yake. Nesi alimkabidhi kama mtu anavyokabidhi mzigo wa kioo.

"Ameng'olewa magego mawili. Ganzi itakaa mpaka mchana. Asiongee, asiteme ovyo, asinywe cha moto."

"Mjomba, unaweza kuja ofisini kwetu? Kwenye kikao. Cha nyanya."

Mjomba akaonyesha mdomo wake kwa kidole.

"Si lazima uongee. Yaani ni lazima, lakini… Utaandika. Utaandika ile sentensi, mimi nitaisoma. Twende."

Mjomba akamtazama, akalitazama shati lake lenye doa la damu, akafunga kifungo cha juu, akatangulia.

Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu ya mviringo, kiyoyozi kilichokuwa kikipuliza upande mmoja tu, na vibao vya karatasi mbele ya kila kiti. Mjomba akakalishwa nyuma ya kibao kilichosema MKULIMA, akawekewa chupa ya maji asiyoweza kunywa. Akasaini fomu. Kimsingi akaiangalia ile saini kama mgonjwa anavyoangalia majibu mazuri ya maabara, akashusha pumzi, na kwa upande wake kazi ya mjomba ikawa imekwisha saa nne na dakika mbili.

Mtu wa kiwanda cha kreti alikuja na kreti ya mfano, ya bluu, mpya, bado inanuka duka. Akaiweka sakafuni, akapanda juu yake na viatu vyake vya ngozi, akarukaruka kidogo. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti wa wafanyabiashara, bwana mnene mwenye kicheko cha karibu, akasema hiki ndicho walichokuwa wakikililia miaka yote. Mtafiti akaonyesha picha ukutani za nyanya zilizopondeka, moja baada ya nyingine, mpaka ukahisi ni msiba.

Vitendo alikuwa pembeni, kwenye kimeza kidogo, akiandika muhtasari. Jicho moja kwenye daftari, jingine kwa mjomba. Mjomba alikuwa ameigeuza ratiba upande wa nyuma na anaandika, taratibu, herufi moja moja, kama anachimba mashimo ya miche. Alipomaliza akanyoosha mkono, karatasi juu.

"Ah, mkulima anataka kuchangia," Kimsingi akasema kwa furaha ya kweli. "Karibu, mzee wetu."

Mjomba akaonyesha mdomo, akasogeza karatasi mezani. Kimsingi hakuigusa. Aliitazama kama kitu kilichodondoka kutoka darini.

"Kimsingi, maoni ya maandishi hupitia masijala. Siku saba kabla ya kikao."

Vitendo akasimama. Hata yeye alishangaa kujikuta amesimama. "Mkuu, naomba nimsomee. Ni mistari miwili tu."

"Wewe unaandika muhtasari, binti. Anayeandika muhtasari hachangii."

"Si mchango wangu, mkuu. Ni wake."

"Basi aseme mwenyewe."

Vichwa vyote vikageukia upande wa mjomba. Naye mjomba, mtu aliyezoea kuambiwa fanya akafanya, akatoa pamba mdomoni, akaiweka kwenye kisahani, akafungua kinywa. Kilichotoka kilikuwa nusu neno na nusu damu. Tone likaangukia rasimu. Mtu wa kiwanda akarudisha kiti nyuma. Kimsingi akatangaza chai, dakika ishirini kabla ya wakati.

Kwenye chai, mwenyekiti wa wafanyabiashara alimpiga mjomba begani. "Pole, mzee. Meno yana roho mbaya, eh? Pole sana." Mjomba akamtazama kwa macho ya mtu anayehesabu kreti.

Baada ya chai Kimsingi aliuliza kama kuna pingamizi. Akangoja kwa muda wa kupepesa jicho. Kikao kikafungwa.

Mchana ule, mjomba amekwisha kurudi nyumbani na pamba mpya, Vitendo aliandika muhtasari kwa uaminifu wote aliofundishwa shuleni. Chini ya "Maoni ya Wadau" akaandika: *Mkulima alieleza kwamba kreti huondoka na mnunuzi na hazirudi. Alipendekeza mnunuzi awajibike kuzirudisha.* Akaupeleka. Baada ya nusu saa akaitwa. Kalamu ya kijani ya Kimsingi ilikuwa imepita juu ya sentensi zile mbili kama jembe.

"Hili halikusemwa kikaoni."

"Aliandika, mkuu. Karatasi ninayo."

"Kilichoandikwa ni barua. Kimsingi, mchango ni kile kilichosemwa."

"Alikuwa na ganzi, mkuu."

"Sikatai. Nampa pole." Akaandika pembeni kwa kijani: *Mkulima aliunga mkono.* "Weka hivi."

Vitendo akaisoma mara mbili. "Na hili pia halikusemwa kikaoni, mkuu."

Kimsingi akaweka kalamu chini. Kwa mara ya kwanza tangu Vitendo aje pale, mkuu alimwangalia usoni.

"Binti, umebakiza wiki ngapi hapa?"

"Tano."

"Na fomu yako ya tathmini anasaini nani?"

Vitendo akarudi kwenye kimeza chake karibu na mlango, akaichapa ile sentensi, maneno matatu, na vidole vyake viliipiga kama vinaua mbu.

"Mwanangu," katibu muhtasi akamwambia bila kuinua macho, "hiyo kibodi haijakukosea."

"Sijakasirika, mama."

"Mimi nimesema umekasirika? Nimesema kibodi."

Vitendo alitaka kucheka, ikashindikana. Kilichomsumbua hakikuwa hasira tu. Kilikuwa ile sauti yake mwenyewe ya juzi: nitawaambia.

Ungedhani mambo yaliishia hapo, lakini utaratibu una kawaida ya kudai mambo mawili mawili. Muhtasari nao ulihitaji saini. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na visanduku vitano, kimoja kwa kila kundi, na bila vyote vitano kujaa haupandi ghorofa ya juu. Mtu wa kiwanda alisaini akiwa na begi mkononi, akaenda zake uwanja wa ndege. Mtafiti akasaini, akaondoka kwenda masomoni ng'ambo. Mwenyekiti wa wafanyabiashara akasaini kwa saini kubwa kama lori. Kimsingi akasaini. Ijumaa mchana kikabaki kimoja.

"Mpelekee yule mkulima wako," Kimsingi akasema. "Asaini hapo tu. Kimsingi, asihangaike kusoma."

Mjomba alikuwa barazani anafunga begi lake la safari, na mdomo ulikuwa umefunguka. Alikuwa akifidia siku zote za ukimya kwa mkupuo: bei ya mbolea, daktari mwenye mikono baridi, jirani yake na mbuzi wake. Vitendo akamkabidhi bahasha akiwa amesimama, kama mtu anayetaka kukimbia.

Mjomba akasoma. Alisoma kama anavyopalilia, mstari kwa mstari, kidole kikitangulia. Kikafika ukurasa wa pili, kikasimama.

"Huyu mkulima aliyeunga mkono ni nani?"

"Ni wewe, mjomba."

"Niliunga lini?"

Vitendo akaikunja bahasha tupu.

"Nani ameandika hapa?"

"Mimi. Niliambiwa niandike."

Kutoka jikoni mama yake akapaza sauti: "Usimgombeze mtoto, we! Hiyo ni kazi ya watu!"

"Nani anamgombeza, dada? Mimi nasoma." Akaendelea kukitazama kile kidole chake. Kisha, bila kuinua kichwa: "Uliniambia utawaambia."

"Nilisimama, mjomba. Si uliniona?"

"Nilikuona." Akavuta pumzi. "Nilikuona, mama. Lete kalamu."

Vitendo aliwaza atachana ile karatasi, na sehemu fulani ya moyo wake ilitamani aichane, mambo yaishe. Kisanduku cha mkulima kilikuwa na upana wa vidole vitatu. Mjomba akainama hadi pua ikakaribia meza, na kwa herufi ndogo kama sisimizi akaandika ndani yake: *Kreti zikienda hazirudi. Mnunuzi azirudishe, au faini iwe yake.* Chini yake, pembeni kabisa, mahali palipobaki, akabana saini.

"Haya. Si walitaka saini?"

Jumatatu asubuhi Kimsingi aliushika ule ukurasa kwa mikono miwili.

"Huyu mtu amefanya nini?"

"Amesaini, mkuu."

"Naona amesaini! Hii nyingine ni nini?"

"Ni maandishi, mkuu."

Katibu muhtasi akapata kikohozi tena. Kimsingi akazunguka meza yake mara moja, akarudi. Kuandaa ukurasa mpya kulimaanisha kumrudisha mtu wa kiwanda kutoka mkoani kwake na mtafiti kutoka ng'ambo, na ghorofa ya juu ilitaka nakala kumi na tano kabla ya saa nane mchana. Alifikiri. Ulikuwa ukiona anavyofikiri, mishipa ya paji la uso inapanda ngazi. Kisha akachukua bahasha kuukuu, akachana ukanda mwembamba, akaupima juu ya maneno ya mjomba. Ulitosha kama uliokatwa na fundi.

"Utaweka hiki hapa, juu ya maandishi, ndipo utoe nakala. Ile ya asili utaniletea nitaifungia. Kimsingi hatufuti kitu. Tunapanga ukurasa."

Mashine ya kutolea nakala ilikuwa ukumbini, kando ya dirisha, na ilihitaji dakika tatu za kuunguruma kabla haijakubali kufanya kazi. Vitendo akasimama nayo. Miezi mitano hakuwahi kukataa kutumwa. Akaweka ukurasa kwenye kioo, akaweka ule ukanda, akafunga mfuniko, akabonyeza.

Nakala ikatoka ingali na joto. Kisanduku cha mkulima kilikuwa cheupe pe, na saini ndogo imejikunyata kwenye kona. Ilikuwa kama mtu aliyekuja, akakaa nyuma ya kibao chake, hana la kusema.

Akaitazama kwa muda. Mtu akapita nyuma yake, akauliza kama mashine inafanya kazi. Akajibu inafanya. Halafu akafungua mfuniko, akautoa ule ukanda, akaukunja, akautia mfukoni, akabonyeza kumi na tano. Ile nakala moja nyeupe akaiweka juu ya fungu.

Kimsingi aliiangalia ya juu. Aliangalia kisanduku cha mkulima, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaangalia jina lake mwenyewe kama limeandikwa vizuri pamoja na cheo. Ile ya juu akaichukua iwe yake, ya faili, ile ya asili akaifungia kabatini, nyingine zikaingia kwenye bahasha bila kuguswa.

"Kimsingi, umeanza kuielewa kazi," akasema.

Wiki ile Vitendo hakula vizuri. Simu ya mezani ikilia, anaangalia kwanza mlango wa mkuu. Alikuwa amejiandalia maneno kabisa, yenye heshima, lakini yasiyorudi nyuma. Wiki ya pili simu ililia mara nyingi, na kila mara ilikuwa mtu anayeulizia kiti, au funguo za ukumbi, au nani amechukua wino wa mashine. Wiki ya tatu akaanza kutamani apigiwe. Nakala kumi na tano, katika ofisi kumi na tano, mbele ya watu wanaolipwa kusoma! Afoke hata mmoja. Aulize tu, huyu aliyeandika kwenye kisanduku ni nani? Kimya. Kimsingi akamsainia fomu ya tathmini, na kwenye nafasi ya maoni akaandika neno moja: *Msikivu.*

Siku yake ya mwisho vijitabu vikaja kutoka kwa mpiga chapa. *Mwongozo wa Ufungashaji wa Nyanya*, jalada la kijani, muhuri wa serikali juu kabisa. Vitendo alifungua cha kwanza akiwa amesimama. Ukurasa wa tatu, faini ilikuwepo vile vile, ya mkulima. Akapekua sura zote. Kurudisha kreti hakukutajwa popote. Akafika kwenye viambatisho, kule nyuma ambako hakuna anayefika isipokuwa mpiga chapa, na huyo hulipwa kuchapa, si kusoma. Muhtasari wa kikao ulikuwa pale wote, umepigwa picha kama ulivyo, na kwenye ukurasa wa arobaini na saba, ndani ya kisanduku, sisimizi wa mjomba walikuwa wamejipanga, hakuna aliyekosekana.

Akatoka ukumbini akapiga simu. Upande wa pili nyundo ilikuwa ikigonga, ko, ko, ikanyamaza.

"Mjomba, kitabu kimetoka."

"Enhe. Sentensi yangu imo?"

"Imo. Ukurasa wa arobaini na saba. Kwenye kisanduku cha saini."

"Na faini?"

"Ukurasa wa tatu. Ni yako vile vile, mjomba. Hawakubadilisha kitu. Hakuna hata mmoja aliyesoma."

Mjomba alisikika akimwambia mtu alete misumari ile mirefu.

"Hicho kitabu kina muhuri?"

"Kinao. Mbele, mkubwa."

"Nitumie."

"Mjomba, ile iko kwenye viambatisho. Kisheria haimbani mtu yeyote. Ni saini tu."

"Najua."

"Sasa kitakusaidia nini?"

"Mnunuzi anakuja Alhamisi na lori lake," mjomba akasema. "Yeye hajui."

Vitendo akafungua mdomo kumweleza habari ya mwongozo na sheria, kiini na kiambatisho, yote aliyofundishwa kwa miezi sita. Akaufunga.

"Nakituma leo," akasema, na akaenda kwa katibu muhtasi kuomba bahasha kubwa.